Vichwa Viwili Kabla ya Harusi

Mama mkwe wangu alikuja Mwanza kumwoza binti yake wa mwisho. Siku ya pili baada ya kufika akajifunga kanga kichwani, akajilaza kwenye kochi la sebuleni, akageukia ukutani. Nikajua tatizo ni mimi.

Niseme kwanza tulivyokuwa. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe kwa miaka mingi, lakini mama na mimi hatukuwahi kukaa nyumba moja zaidi ya siku za sikukuu. Yeye ni Mhaya wa kijijini, mama wa migomba na kahawa, Mlutheri asiyekosa ibada. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimekulia kwenye ng'ombe na viazi vitamu. Kila tulipokutana tulisalimiana vizuri, tukapeana zawadi, tukaagana kabla hatujachokana. Safari hii alikuwa anakaa kwetu Butimba mpaka harusi ipite, na nyumbani tulikuwa watatu tu, maana watoto walikuwa bweni: yeye, mimi, na mume wangu, ambaye anafundisha hesabu sekondari.

"Mama, nikuletee uji?" nilimuuliza.

"Acha tu, mwanangu."

"Au chakula cha jana kilikusumbua?"

"Chakula kilikuwa kizuri, waitu. Ni kichwa tu."

Hilo neno waitu kwa Wahaya ni la heshima, lakini siku hiyo lilitoka kama la mtu anayeomba aachwe. Nikafunga pazia, nikatoka kwa kunyata, nikaenda kazini na kichwa changu mwenyewe. Maana na mimi nilikuwa nacho.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kazi Mabatini, katikati ya maduka ya vyombo na mafundi wa simu, na siku nzima nimeinamia mashine. Wakati huo nguo zote za harusi ya wifi yangu zilikuwa mezani kwangu: gauni la bibi harusi, za wasimamizi, na vitenge vya akina mama wa ukoo, ambao kila mmoja ana umbo lake na maoni yake. Kichwa kilikuwa kimeanza miezi kadhaa kabla ya hapo. Kilikuwa kinaanzia shingoni, kinapanda kisogoni, kinazunguka juu ya masikio mpaka kwenye paji la uso, kama mtu amenivalisha kofia ya mtoto halafu anaivuta kwa chini. Hakikuwa kikali cha kuniangusha. Kilikuwa cha kunichosha tu, cha kunifanya nimjibu mteja vibaya halafu nianze kumwomba radhi.

Mara ya kwanza nilisema ni malaria, kama kila mtu wa Mwanza anavyosema kichwa kikimuuma. Nikapima, hakuna malaria. Baada ya wiki kadhaa nikapima tena, nikaambiwa tena hakuna, na nilitoka pale nikiwa karibu kununa, kana kwamba nimenyimwa haki yangu. Basi nikasema ni uchovu, nikaanza kununua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa lililo jirani na chumba changu. Mwanzoni kidonge kilikuwa cha jioni. Baadaye kikawa cha mchana. Mwishowe nikawa nameza kimoja asubuhi kabla kichwa hakijaanza, cha kutangulia, na vingine vinakaa kwenye droo ya mashine pamoja na vifungo na sindano.

Nyumbani mambo yaliendelea hivyo hivyo. Mama anaamka, anaoga, anakunywa chai kidogo, anarudi kwenye kochi. Mume wangu alimletea maji ya matunda, akamletea ndizi za kupika alizozitafuta mpaka soko kuu, akamwekea redio ya nyimbo za kwaya kwa sauti ndogo. Mama alisema nyimbo ni nzuri ila zizimwe. Usiku mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo limetokea kati yetu. Nikamwambia hakuna. Akaniangalia kama anavyowaangalia wanafunzi waliomaliza mtihani mapema.

Hata jirani yetu mmoja, mwanamke mcheshi anayejua habari za mtaa mzima, alinisimamisha getini. "Nasikia mkweo anaumwa kichwa, na wewe unaumwa kichwa," akasema. "Sasa hapo nani anamuumiza mwenzake?" Nilicheka. Lakini njia nzima nilikuwa nikijiuliza swali lile lile.

Jambo lililotufungua lilikuwa mkono wa gauni.

Mama alitakiwa kuja Mabatini kujaribu gauni lake la harusi, la kitenge cha rangi ya zambarau, lenye mikono mipana kama wanavyopenda mama zetu wa Kagera. Alikuja mchana, kanga imefungwa kichwani, macho ameyafinya kwa ajili ya jua. Nikampisha nyuma ya pazia. Nikasikia anahangaika. Nikasikia kimya. Halafu akaniita.

"Mwanangu. Njoo uone."

Nikafunua pazia. Mama mkwe wangu amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umetoka vizuri, na mwingine umeishia ndani ya kitambaa, hautoki. Unasukuma huku na huku kama paka ndani ya mfuko. Nilikuwa nimeushona mkono ule mwisho wake ukaziba. Tena, nilipoangalia vizuri, ulikuwa mkono wa kushoto nimeuweka kulia.

Nimeshona tangu ujana wangu na sijawahi kufanya kitu kama kile. Nikafungua kinywa kuomba msamaha, nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, mkono uliofungwa ukipepea hewani, na mimi nikaanza, na kadiri nilivyojizuia ndivyo nilivyozidi.

"Usinichekeshe!" alisema, mkono mzima ameushika kichwani. "Waitu, usinichekeshe, kinauma!"

"Na changu kinauma, mama!"

"Chako? Na wewe kinauma?"

"Kila siku."

Akaacha kucheka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, gauni likiwa nusu limevaliwa, akaniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia. "Na mimi nilidhani unanikunjia uso," akasema. "Kila jioni unarudi umekunja uso. Nikasema, binti wa watu amechoka na mimi."

"Mimi nilidhani wewe ndiye umenichoka. Tangu ulipofika umeugeukia ukuta."

"Ukuta hauna mwanga, mwanangu. Dirishani kuna mwanga."

Tulikaa pale tukiambiana. Chake kilikuwa kinadunda, nyuma ya macho na kwenye paji, tangu kesho yake baada ya kufika, na mwili wote mzito kama mtu ambaye hajalala. Kijijini hakuwahi kuwa nacho. Nikatoa mkasi, nikaanza kufumua mkono wa gauni akiwa bado amelivaa. Nilipofungua droo kutafuta kifumulio akaona vidonge. Hakuvigusa. Aliuliza tu, "Hivi vyote vya nini?" Nikamwambia ni vya kichwa. Akauliza, "Sasa mbona kichwa bado kipo?"

Niliendelea kufumua. Mkono wake ukatoka nje, akakunjua vidole.

"Siku ya harusi kuna matarumbeta," akasema. "Mimi nimesubiri kucheza tarumbeta za binti huyu tangu alipozaliwa. Siendi kukaa kwenye kiti na kanga kichwani kama mfiwa. Kesho asubuhi twende kwa daktari. Wote wawili."

Tulikwenda kwenye kituo cha afya kabla jua halijawa kali. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa kati, sauti yake tulivu, ameweka chupa ya maji mezani na sweta begani. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaitika, "Marahaba, mwanangu," halafu daktari akasema tuingie mmoja mmoja. Mama akakataa.

"Sisi hatuna siri. Tumekuja na vichwa viwili, uviangalie pamoja."

Daktari akatabasamu, akavuta kiti cha pili.

Nilikuwa nimezoea kuambiwa nikatoe damu kabla sijamaliza sentensi. Huyu aliuliza. Kinauma upande mmoja au pande zote? Kinadunda au kinakaza? Mwanga unakusumbua, kelele zinakusumbua, unasikia kichefuchefu? Ukiinuka na kutembea kinazidi au kinatulia? Unalala vizuri? Unakula saa ngapi? Unakunywa maji? Mama alikuwa anajibu yake na yangu pia.

"Huyu hanywi maji," akasema. "Anaondoka nyumbani na chupa, anarudi na chupa, maji ni yale yale."

"Mama!"

"Si daktari anauliza?"

Tulipimwa presha. Daktari akatumulika machoni, akatuambia tushushe kidevu mpaka kifuani, tukunje ngumi, tutabasamu tuonyeshe meno, tutembee mstari ulionyooka mpaka mlangoni. Mama alitembea kama anaingia kanisani. Halafu daktari akamgeukia.

"Mama, kule nyumbani unakunywa kahawa?"

"Nakunywa."

"Nyingi?"

"Asubuhi nikiamka. Baada ya chai. Mgeni akija. Mgeni akiondoka. Na ile ya kutafuna inakaa tu mdomoni wakati nalima."

"Na hapa Mwanza?"

"Hapa sipewi," mama akasema, akaangalia mikono yake.

Mimi nikashtuka. Nilikumbuka kwamba siku ile ya kwanza mume wangu alichukua kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichokuwa kwenye mizigo yake, kile cha punje zilizokaushwa na kufungwa kwenye maganda ya mgomba, akakiweka juu ya kabati la chumbani kwetu. Nilidhani ni zawadi yake. Kumbe alikuwa amemwambia mama kwamba kahawa inapandisha presha, na akiwa kwetu ataiacha kabisa.

Daktari alieleza bila kumlaumu mtu. Mwili uliozoea kahawa kwa miaka mingi, ukinyimwa kwa ghafla, kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja au mbili, na mtu anakuwa mzito, mwenye hasira, asiyetaka kelele. Kikiachwa kinapita chenyewe baada ya siku kadhaa. Presha ya mama ilikuwa juu kidogo tu, na alikuwa na dawa zake, aendelee nazo bila kuruka. Kahawa anywe kidogo asubuhi, asinywe jioni, na kama anataka kupunguza apunguze polepole, leo kikombe, wiki ijayo nusu.

"Kwa hiyo siumwi?" mama akauliza.

"Unaumwa kahawa, mama."

Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Zamu yangu haikuwa fupi hivyo. Daktari alisimama nyuma yangu, akanibonyeza mabega na shingo kwa vidole gumba, nikaruka. Misuli ilikuwa migumu kama kamba za kufungia mzigo. Akaniambia kile hakikuwa kipandauso, kile cha upande mmoja kinachodunda na kutapisha. Changu ni cha kukaza, kinatoka kwenye shingo iliyoinama mchana kutwa, macho yanayolazimishwa, chakula kinachorukwa na maji yasiyonywewa. Akaniomba nisome maandishi madogo kwenye boksi la dawa. Nikalisogeza mbali, mbali tena, mpaka mkono ukaisha.

"Unahitaji miwani," akasema. "Na sasa niambie vidonge. Ukweli."

Nikamwambia ukweli, wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Hakushangaa. Akasema vidonge ni vizuri vikiwa vya mara moja moja, lakini mtu akivimeza karibu kila siku kwa miezi, kichwa chenyewe kinavizoea. Nguvu ya kidonge ikiisha, kichwa kinauma kikitaka kingine, na mtu anadhani ugonjwa umezidi, anameza tena. Mbali na hilo vinaharibu tumbo na figo. Dawa ya hapo ni kuviacha. Siku chache za mwanzo kitauma zaidi, pengine wiki na zaidi kidogo, halafu kitaanza kushuka.

"Nina harusi," nikasema. "Nina nguo mezani. Nianze baada ya harusi?"

"Ni kichwa chako, dada. Ukianza leo, siku ya harusi pengine utakuwa umevuka sehemu mbaya. Ukisubiri, utaenda harusini hivi ulivyo."

"Anaanza leo," mama akasema.

Kabla hatujatoka daktari alitukalisha tena, akawa makini. Alisema vichwa vingi ni kama vyetu, vya kusumbua tu. Lakini kuna kichwa kisichosubiri. Kikipiga ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kikija na homa na shingo imekakamaa. Kikija baada ya kuanguka na kujigonga. Macho yakififia, mtu akichanganyikiwa, mkono au mguu ukilegea, mdomo ukienda upande, maneno yakikosa kutoka. Hapo msitafute majani wala kidonge, msisubiri asubuhi, mkimbilie hospitali.

Mama aliacha kutabasamu. "Baba yao aliondoka hivyo," akasema. "Shambani. Alisema kichwa, akakaa chini. Huyu mwalimu ndiye aliyemkuta."

Nilijua kwamba baba mkwe alifariki kwa kiharusi kabla sijaolewa. Sikujua kwamba mume wangu ndiye aliyemkuta. Hajawahi kuniambia.

Jioni ile mama alimsubiri mume wangu mezani. Nilitegemea atamfokea. Alimtengea chakula, akamwacha ale, halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, niletee kahawa yangu."

"Mama, presha."

"Daktari amepima. Amesema kidogo asubuhi hainiui. Kinachoniumiza kichwa ni kuikosa." Akangoja. "Mimi najua unachoogopa. Mimi sio baba yako. Dawa zangu nameza, na wewe unaweza kunihesabia kila asubuhi ukitaka."

Mume wangu aliweka kijiko chini. Akasema, "Siku ile nilichelewa kumpelekea maji. Nilikuwa nacheza mpira."

"Hata ungewahi, maji hayatibu kiharusi," mama akasema. "Ulikuwa mtoto. Lete kahawa."

Akainuka, akaenda chumbani. Tulisikia akivuta stuli kufikia juu ya kabati, na alivyochelewa kurudi hatukumwita. Aliporudi alikuwa ameosha uso. Mama alichukua punje, akampa mwanawe moja, akanipa mimi moja, akatafuna yake macho yamefumbwa. Ile yangu ilikuwa chungu yenye harufu ya majani. Niliimeza nzima kwa bahati mbaya, wakanicheka wote wawili.

Kesho yake mchana mama alikuwa mtu mwingine. Kanga ilirudi kiunoni. Alifagia uwanja, akaimba, akabishana na muuza samaki getini kuhusu sato mpaka muuza samaki akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa vizuri kwamba mmoja wetu amepona, maana kwangu ndiyo kwanza kazi inaanza.

Siku zile za mwanzo bila vidonge zilikuwa mbaya. Kichwa kilibana tangu naamka. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na machozi ya bure, mteja mmoja aliuliza tu kama sketi yake iko tayari nikatamani kumrushia. Mama alisema atakuwa anakuja na mimi kazini. Nikadhani anakuja kukaa. Alikuja kunisimamia. Aliomba matofali kwa jirani, akainua meza ya mashine ili nisiiname. Alikihamisha kiti changu karibu na mlango penye mwanga. Chakula cha mchana alikuja nacho kwenye hotpoti, na saa ya kula ikifika anazima mashine ukutani bila kuuliza, hata sindano ikiwa katikati ya pindo. Maji alikuwa ananinywesha kama anamnywesha ndama. Kila baada ya muda ananiambia nisimame, nizungushe mabega, nigeuze shingo polepole kushoto na kulia. Wateja walianza kusimama na kuzungusha na wao. Mama mmoja aliyekuja kuchukua kitenge chake alikaa karibu saa nzima kwa sababu tu mama mkwe wangu alikuwa anamkanda shingo.

Miwani niliipata katikati ya wiki ile. Nilipoivaa mara ya kwanza na kuangalia gauni la bibi harusi, niliona mishono yangu mwenyewe, nikafumua upande mzima.

Jioni, jua likishapungua, tulikuwa tunashuka na mama mpaka ufukweni, mahali penye mawe makubwa ambapo akina mama wanafulia. Upepo wa ziwa ulikuwa unatuliza kuliko kitu kingine chochote. Korongo walikuwa wanatembea kati yetu kama wazee wa kikao. Mama alikuwa ananieleza jinsi alivyoolewa, alivyomwogopa mama mkwe wake mwenyewe, ambaye alikuwa na tabia ya kunusa kila sufuria kabla ya kula. "Nikasema nikipata mkwe sitamnusia sufuria," akaniambia. "Ndiyo maana nilikuwa nakaa kimya." Nikamwambia kimya chake kilinitisha kuliko kunusiwa sufuria.

Nilipofika kama siku ya nane nikaamka, nikapiga mswaki, nikachemsha chai, nikamwamsha mume wangu, na ndipo nikagundua kwamba kichwa hakiumi. Nilisimama jikoni nikikisubiri. Hakikuja. Nilimwita mama kwa sauti iliyomtoa chumbani mbio akidhani kuna nyoka.

Harusi ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Matarumbeta yalitupokea nje ya kanisa, na mama alicheza mbele ya gari la maharusi katika gauni lake la zambarau, mikono yote miwili ikitoka vizuri, mpaka mpiga ngoma akamfuata yeye badala ya bibi harusi. Ukumbini waliweka spika karibu na meza yetu. Kufika jioni nilianza kuhisi ile kofia ikishuka masikioni. Zamani ningefungua pochi. Nilimwambia mama natoka kidogo, nikaenda nje kwenye bustani inayoangalia ziwa, nikanywa maji chupa nzima, nikalegeza kilemba ambacho nilikuwa nimekikaza kupita kiasi kwa ajili ya picha, nikakaa nikitazama taa za mitumbwi ya dagaa zinawashwa moja moja. Baada ya muda kikalegea. Hakikuisha kabisa, lakini nilirudi ndani na nikacheza.

Nilipokuwa narudi nilimkuta mume wangu nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta, kiganja kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka alfajiri kukimbizana na gari la keki, na mapambo, na mjomba aliyepotea njia ya kutoka Igoma.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Kichwa."

Nilikwenda kumwita mama. Akaja na gauni lake linaburura, akasimama mbele ya mwanawe, mikono kiunoni.

"Kinadunda au kinakaza?"

"Mama, kinauma tu."

"Kimeanza ghafla?"

"Hapana. Tangu mchana."

"Tabasamu nione meno."

"Mama!"

"Tabasamu!"

Akatabasamu, meno yote. Mama akaangalia mdomo kulia na kushoto kwa uangalifu kabisa, bila utani wowote, akamshika mikono akamwambia abane vidole vyake. Aliporidhika akashusha pumzi.

"Umekula lini?"

Mwalimu wa hesabu akafikiri. "Jana jioni."

Mama akageuka, akaingia jikoni kwa wapishi, akatoka na sahani ya pilau iliyofurika na ndizi pembeni. Mume wangu alikula amesimama pale pale nyuma ya ukumbi, sisi wawili tukimlinda kila upande asije akaitwa na kamati ya harusi. Kabla sahani haijaisha alikuwa ameanza kulalamika kwamba pilau ina chumvi nyingi, tukajua amepona.

Mama alikaa nasi mpaka mvua za vuli zilipoanza. Kichwa changu bado kinauma mara moja moja, hasa nikichelewa kulala au zile siku za joto kali kabla mvua haijanyesha, na siku nikizidiwa nameza kidonge kimoja, naishia hapo. Wateja wamezoea kunikuta nimesimama mlangoni nazungusha mabega. Juzi mama alinipigia simu kutoka kijijini kusema anafikiria kuja Krismasi, kama hatutachoka naye. Nikamwambia aje mapema, tena aje na magauni yake yote, nina muda.